Papa, Mlimani Wamepaka Chokaa

Papa,

Mlimani wamepaka chokaa. Kuanzia pale njia inapoachana na ziwa na kuanza kupanda, mpaka juu kabisa, kila jiwe kubwa la pembeni ni jeupe. Wameziba na mashimo. Si yote, yale makubwa tu yaliyokuwa yakivunja motokari. Yale madogo yanayomwangusha mtu wa kinga, ile baisikeli yetu ya mizigo, wameyaacha palepale. Ungetema mate, halafu ungecheka.

Usidhani wametukumbuka sisi. Ilikuwa kwa ajili ya mashindano. Siku hizi watu wa mjini wamegundua kwamba kupanda mlima kwa baisikeli ni mchezo. Wanavaa kofia ngumu na kaputula za kubana, wanapakia baisikeli zao nyepesi juu ya lori mpaka chini ya mlima, wanapanda bila mzigo wowote, wakifika juu wanatweta na kuangalia ziwa, kisha lori linawarudisha Kalemie. Mchezo, Papa. Mlima ule uliokula magoti yako.

Siku ya kilio chako mama mkubwa aliniambia nikusemeshe kabla hawajafunga sanduku. Sikuweza. Nikakushika tu mguu juu ya shuka. Sasa nina la kukuambia, na nyumbani siwezi kulisema, kwa sababu Mama hataki lizungumzwe. Basi nakuandikia.

Watu wameanza kukusahau, na hilo linaniuma kuliko nilivyodhani. Juzi sokoni mtu aliniuliza, "Wewe njo mutoto wa yule muzee wa makala?" Muzee wa makala, muuza mkaa tu! Nikamwambia baba yangu alikuwa mtu wa reli kama babu yangu, na kazi ya reli ilipokwisha hakukaa chini kulia. Alinunua kinga kuukuu, akaongeza vyuma nyuma, akaanza kupandisha chumvi, sabuni na ndakala, wale dagaa wakavu, kwa watu wa mlimani, na kuwashushia watu wa mjini mahindi na makala. Sisi watoto wake tumesomeshwa na ile kinga. Yule mtu akasema, "Ndiyo, ndiyo, njo yeye, muzee wa makala." Akaondoka.

Mimi nakumbuka mchanga wa ufukweni uliponifundishia kupanda. Ulinishika kiti kwa nyuma ukikimbia, na wavuvi wakaacha nyavu zao kututazama. Shangazi zangu walikuja nyumbani kulalamika. "Mutoto mwanamuke juu ya kinga! Atazaa namna gani?" Ukawajibu bila kuinua kichwa kwenye cheni uliyokuwa ukiipaka mafuta: "Atazaa akiwa amefika." Mama alicheka mpaka akaachia sufuria. Bado namsikia. Siku hizi hacheki hivyo.

Na likizo zote za masomo, wewe na mimi na Papa Kitenge, rafiki yako, na kinga zetu. Mnasukuma kwa bega, fimbo imefungwa kwenye usukani, vichwa chini. Ulinikataza kutazama juu. "Ukiangalia mbali utachoka wewe mbele ya miguu kuchoka. Angalia tairi." Tulifika Kona Bila Mate, ile ya mwisho, mliyoipa jina hilo kwa sababu mtu akifika pale mdomo hauna hata tone. Kisha juu. Na juu, ziwa lote liko chini yako, Papa, buluu mpaka kule mwisho ambako asubuhi safi unaona milima ya Tanzania, na mashua za kwenda Moba ni kama punje za mchele. Mimi nilikuwa nikisimama pale na kupumbaa. Wewe ulikuwa unakaa chini ukiligeuzia ziwa mgongo, unakula muhogo wako ukiitazama kinga.

"Papa, geuka uone."

"Ziwa haliibiwi," ulisema. "Kinga inaibiwa."

Mara moja tu uligeuka. Mvua ilikuwa imetoka kupita na mwanga wa jua ulikuwa umeangukia maji upande wa Kalemie, mabati ya mji yanang'aa. Ulitazama muda mrefu, muhogo mkononi. Kisha ukasema, "Kumbe tunakaa pazuri." Ulisema kama mtu aliyeambiwa habari ya nyumba ya jirani. Halafu ukafunga mzigo tukashuka.

Lile vimbe chini ya tumbo ulikuwa nalo tayari wakati huo. Sote tulijua. Ukisukuma sana lilitoka, ukasimama, ukageukia kichaka, ukalirudisha kwa mkono na kukaza mkanda. Munganga wa hospitali alikuambia ni ngiri na inataka kupasuliwa. Ukasema baada ya mvua. Baada ya mvua ukasema baada ya mtihani wa Dieudonné. Mdogo wangu akafaulu, ukasema sasa aanze kwanza chuo. Sikulaumu, Papa. Wa kulaumiwa ninaye, na si wewe.

Siku ile nitaieleza hapa mara moja, ili iwe imeandikwa mahali.

Tulikuwa tunapanda na chumvi. Chini kidogo ya Kona Bila Mate uliegemeza kinga kwenye mwamba, ukakaa. Wewe hukuwahi kukaa kabla ya juu. Nikaona jasho lako halikuwa jasho la kazi. Uliweka mkono pale chini, ukajaribu kulirudisha, halikurudi. Ukatapika. Papa Kitenge akaangusha kinga yake, chumvi ikamwagika njiani, akasema, "Feza, hii si ya kungojea. Tumufunge juu ya kinga tushuke."

Hapo njo tuliposikia motokari.

Ilikuwa nyeupe, kubwa, inatoka Kalemie. Nilisimama katikati ya njia, mikono juu. Dereva akapunguza mwendo, kioo cha nyuma kikashuka, na patron mmoja, bwana mkubwa wa mjini, akatoa uso. Miwani myeusi, shati la kupigwa pasi. Upepo baridi ulitoka mle ndani ukanigusa mkono.

"Eko mulevi?" aliuliza.

"Hapana, patron. Ni tumbo. Eko anaumwa sana. Tunaomba mutufikishe hospitali."

Akakutazama. Alikutazama kabisa, Papa, usoni. Akaitazama saa yake.

"Tuko mbio. Tunafika kwenye kijiji cha juu tu. Tukirudi tutamubeba. Mungojee hapahapa, musiende mbali."

Kioo kikapanda.

Papa Kitenge alisema tusingoje. Na mimi nilikuwa nimeshaanza kufungua kamba za mzigo wako. Ila wewe ulikataa. Ulinishika kifundo cha mkono, mkono wako ulikuwa baridi, ukasema, "Amesema atarudi. Motokari itafika kwanza, mbele ya kinga." Ulikuwa mtu wa reli. Katika maisha yako yote, mtu mwenye cheo akisema gari litapita hapa, gari lilipita. Ukaegemea mwamba, tukangoja.

Kutoka pale tuliwaona. Hawakwenda kijijini moja kwa moja. Walisimama juu, pale tulipokuwa tunakula muhogo, wakashuka wote, wakapiga picha na ziwa. Nilimwona mwanamke mmoja akishika kofia upepo usiichukue. Niliita. Niliita mpaka sauti ikapasuka. Upepo ulikuwa unatoka kwao kuja kwetu. Vicheko vyao vilitufikia vizuri.

Jua likatembea. Uliacha kutapika, ukaanza kunyamaza, na kunyamaza kwako kuliniogopesha zaidi. Uliniuliza kama chumvi ya Kitenge imeokotwa. Nikasema ndiyo. Uongo.

Motokari ilirudi. Niliusikia muziki wake kabla sijaiona. Nikasimama tena, lakini safari hii inateremka, na dereva alipiga honi tangu mbali, honi ndefu ya kusema ondoka. Papa Kitenge alinivuta nguo nikaanguka pembeni. Ikapita. Nyuma kulikuwa na mbuzi, Papa. Walikuwa wamenunua mbuzi kule juu, na magunia ya makala, wamewajaza kule nyuma mahali ambapo wewe ungelala. Mbuzi mmoja alikuwa ameweka uso wake kwenye kioo.

Patron alikuwa mbele sasa, anazungumza na simu. Hakugeuka.

Tulikufunga juu ya kinga yako mwenyewe, kama mzigo, na kitenge changu na kamba za chumvi. Papa Kitenge aliushika usukani, mimi nilikushikilia mgongo, na kila shimo lilikutoa sauti ambayo sikuwa naijua. Ziwa lilikuwa upande wa kushoto muda wote. Sikuwahi kulichukia kabla ya siku ile. Kwenye nyumba za kwanza kijana wa pikipiki akatuchukua bila kuuliza chochote, na hospitali walikupokea wakikimbia, hilo niliseme. Munganga alitoka baadaye akavua glovu. Akasema utumbo ulikuwa umeshakufa ndani. Akaniuliza, taratibu, kwa nini tumechelewa.

Nilimwambia tulikuwa tunangojea motokari.

Baada ya kilio, kinga ilikaa ukumbini wiki nyingi. Dieudonné hakutaka kuiona. Mama alitaka iuzwe. Mimi nikaikaza breki, nikabadilisha tairi la nyuma, nikapanda na Papa Kitenge. Mara ya kwanza nilipita pale penye mwamba nikiwa nimefumba macho, nusura nianguke. Sasa napita nikiwa nimeyafumbua. Wanawake wa kijiji cha juu wananiita Mama Kinga, na mizigo sikosi. Nina misuli kama ya mwanamume, na hakuna shangazi anayeniuliza tena habari ya kuzaa.

Halafu njo yakaja mashindano. Kijana mmoja alipita kwa watu wa kinga wote, akatuambia wanataka na sisi tushindane, kundi letu peke yetu, kila mtu na gunia lake nyuma, ili wageni waone jinsi watu wa hapa wanavyofanya. Nikauliza nani anaandaa. Akalitaja jina, akanionyesha fulana. Uso wa patron yule ulikuwa umechapwa kifuani. Miwani ileile.

Mama alisema, "Usiende. Achia Mungu."

Nikamwambia Mungu simnyang'anyi kazi yake. Nataka tu kumwona mtu huyu akiwa amesimama chini, nje ya motokari.

Nilipanda, Papa. Waliniwekea gunia la mchanga, eti mahindi yangemwagika. Sikutazama juu. Mbele yangu walikuwa vijana wenye nguvu, wakanipita mwanzoni kwa kelele, nikawapata mmojammoja wakiwa wamekaa kwenye yale mawe meupe. Watu wa mjini walikuwa wameanza kabla yetu, na kwenye mwinuko wa katikati niliwakuta wengine wanasukuma baisikeli zao tupu. Mmoja akasema kwa Kifaransa kwamba mandhari ni ya ajabu. Nikatazama tairi langu, nikampita. Kwenye Kona Bila Mate miguu ilitaka kukataa. Nikaugusa mwamba wako kwa mkono nikapita. Mkono ukabaki na chokaa.

Sikushinda. Nilikuwa wa kwanza wa wanawake, maana nilikuwa peke yangu. Juu walikuwa wamefunga turubai, viti vya plastiki, muziki. Patron akaja mwenyewe na fulana mkononi, anacheka, mkono umenyooshwa. Mtu mfupi, Papa. Ndani ya motokari sikujua kama ni mfupi.

"Felicitasyo, hongera, mama! Kuja tupige picha, wewe na mimi, ziwa nyuma yetu."

Nilikuwa nimeyatayarisha maneno kwa miezi. Yote yakaondoka. Nikasema tu, "Patron, unanikumbuka?"

Akanitazama kwa moyo mwema kabisa. "Wewe ni nani, mama?"

"Mimi njo mutoto wa yule muzee aliyekuwa mugonjwa hapo chini ya kona. Mwaka jana, mwisho wa mvua. Ulisema mungojee, mutamubeba mukirudi. Mulirudi na mbuzi."

Muziki uliendelea, lakini walio karibu waligeuka kututazama. Yeye alikunja uso, akafikiri. Nilimwona akitafuta kichwani, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Kisha akatikisa kichwa.

"Mbuzi tunanunua huku kila mara," alisema. "Hiyo siku siikumbuki."

Hakuwa anadanganya. Ningefurahi kama angedanganya, Papa. Ningeona jicho likikimbia, ningejua kwamba usiku fulani amewahi kugeuka kitandani kwa ajili yako. Hakuna. Ulipita machoni pake kama jiwe la kando ya njia, tena kabla halijapakwa chokaa.

Nikamwambia, "Twende nikuonyeshe."

Sikutegemea kama atakuja. Alikuja. Nadhani ni kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Aliteremka na viatu vyake vizuri mpaka kwenye mwamba, na mimi nikamwonyesha ulipokaa, ulipotapika, niliposimama, na pale juu alipopigia picha. Akapima umbali kwa macho. Akavua miwani. Macho yake ni ya kawaida, yamechoka kidogo.

"Alikufa?"

"Siku ileile."

Aliutazama mwamba, nikadhani sasa litatoka. Neno lolote. Kisha akasema, "Lakini mbona hamukupiga kelele?"

"Nilipiga, patron."

"Hatukusikia."

"Najua."

Akasema pole, pole sana, akarudisha miwani, akapanda kurudi kwenye turubai. Niliposhuka na kinga yangu nilisikia kipaza sauti kikimtangaza mshindi.

Sasa sehemu ambayo Mama hataki isemwe.

Baada ya siku chache kijana yule wa fulana alikuja nyumbani na pikipiki. Alileta gunia la mchele, dumu la mafuta, na sukari. Alisema patron anawapa pole wajane. Wajane, kwa wingi, kama vile anao wengi. Mimi nilikuwa uani nafua. Nilitoka na mikono yenye sabuni kumwambia arudishe, na nikamkuta Mama ameshapokea. Ameshasema aksanti. Ameshamwombea kijana safari njema.

Tuligombana kama hatujawahi kugombana. Nilimwambia wamelipa maisha yako kwa mchele. Aliketi kwenye kigoda, akaniacha niseme mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Feza, mimi nilikaa na baba yako tangu ningali musichana. Unafikiri wewe njo unamulilia kunishinda mimi? Dieudonné eko na njaa kule chuo. Mchele hauna kosa." Akaanza kuosha sufuria.

Akapika. Akapika na mikebuka, samaki wa ziwa letu, kwa mchuzi ule uliokuwa unaupenda, sijui kama alifanya makusudi. Nilikaa nje nikiapa siingii. Harufu ikanifuata. Nilikuwa nimerudi kutoka mlimani asubuhi ile, sikuwa nimekula kitu.

Nilikula, Papa. Mchele ulikuwa mzuri. Ulikuwa mweupe, mrefu, wa kutoka ng'ambo, na nilimaliza sahani, nikaongeza. Mama aliketi mbele yangu na sahani yake. Alinitazama tu nikitafuna, na machozi yake yalikuwa yanashuka bila sauti, na yangu pia, na tuliendelea kula.

Sijamsamehe. Padri amenieleza mambo mengi mazuri kuhusu kusamehe, na nimemsikiliza kwa heshima. Labda siku moja. Lakini nitamsameheje mtu asiyekumbuka? Nikienda kumwambia nimekusamehe, ataniuliza tena mimi ni nani.

Napanda tena kesho, na mafuta na sabuni. Papa Kitenge anakusalimu, mgongo unamsumbua lakini hajaacha. Dieudonné anafanya vizuri. Mama anakuombea kila asubuhi kabla hajawasha moto. Lala salama, Papa. Mwili wako umepumzika kusukuma, hilo nalishukuru.

Nakuahidi jambo moja, ndilo ninaloliweza. Watu hapa wanasema ulikufa na tumbo. Mama mwenyewe anasema hivyo, ni rahisi, na watu wanatikisa kichwa na kupita. Mimi sitasema hivyo. Wanangu wakizaliwa na kuniuliza babu yao alikufa na nini, na mtu yeyote akiniuliza, sokoni, kanisani, kule juu mbele ya wageni wa kuangalia ziwa, nitasema: aliambiwa angoje, akangoja.

Mtoto wako,
Feza